Tupeane uzoefu: BMX, baiskeli ndogo ya kurukia matuta na kuserereka kwenye bomba, yako uliichaguaje?

Mteremko wa Mwanga
Wakuu salaam. Nipo Kigoma mjini, nashona viatu mchana, jioni ni baiskeli. Tupo vijana sita au saba, tuna kiwanja chetu, tuta moja la udongo linalofika magotini na bomba la maji la inchi mbili tulilolichomelea miguu. Wiki iliyopita BMX yangu imekata ekseli ya nyuma, ile nondo ya katikati ya gurudumu, mara ya tatu tangu Pasaka. Fundi wangu kaniangalia, kaweka spana chini, kasema, "Mdogo wangu, hii mimi nimeichoka. Tafuta nyingine."

Nina laki mbili na nusu. Dukani zipo mpya zinang'aa mpaka unajiona sura, na kwenye mitumba zipo zilizochubuka. Sitafuti nadharia. Namtaka aliyetoa hela yake, akajuta au akafurahi, aseme ilikuwaje. Nawasilisha.

Njia Panda ya Reli
Kuserereka kwenye reli tena? Sisi wa Tabora reli tunayoijua ni ile aliyotufikishia Mjerumani mwaka 1912. Kairukie hiyo uone utalala wapi.

Mteremko wa Mwanga
Bomba mkuu, bomba. Na hiyo reli ilifika huku kwetu 1914, msituringie.

Fundi wa Isevya
Mwangaluka wote. Mimi natengeneza baiskeli Tabora mwaka wa kumi na tisa huu, na nyingi ni zile Phoenix za kubeba mkaa na madumu. Hizo ndogo zenu nilikuwa nazidharau mpaka mwanangu alipoanza kuruka.

Dogo, ekseli yako haikatiki kwa bahati mbaya. Nakuuliza: nati ya gurudumu la nyuma unaifungua kwa spana namba ngapi? Kama ni namba 15, hiyo ekseli ni ya milimita 10. Inatosha kwa mtoto wa kutumwa chumvi. Wewe umeifunga pegi, vile vyuma vya mviringo vya kuserereshea, halafu mwili mzima unatua juu ya chuma kilichochomoza nje ya fremu. Lazima ipinde, ikishapinda inakatika. Zilizoundwa kwa kazi hiyo zina ekseli ya milimita 14 nyuma, na nati yake mara nyingi inataka spana namba 17. Kwa hiyo ukienda kununua usiende na maswali, nenda na spana namba 17 mfukoni. Ikiingia kwenye nati, endelea na mazungumzo. Isipoingia, mshukuru muuzaji.

La pili, kranki, ile mikono inayoshika pedali. Zipo ambazo mikono miwili na mhimili wake ni nondo moja iliyokunjwa, ukiitoa unaona kama herufi Z. Na zipo za vipande vitatu, kila mkono peke yake na mhimili katikati. Ile ya nondo moja nimeshainyoosha kwa nyundo mara nyingi mpaka naona aibu kupokea hela. Ukiinyoosha leo, Jumapili ijayo imerudi.

Spoku zihesabu. Ukikuta 36, rimu limegawana mzigo. Ukikuta 28 na unatua kutoka juu, tutaonana, maana rimu litakuja limejikunja kama namba nane.

Fremu ya mtumba inamishe, usiitazame kwa juu. Kidole kipite chini ya bomba la chini, pale linapokutana na shingo ya usukani. Ukihisi rangi imejikunja vimawimbi, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hiyo imeshagonga ukuta huko ilikotoka. Iache hata kwa elfu ishirini.

Mama Wawili
Mimi siruki, ila hela ilikuwa yangu. Kijana wangu wa kwanza alifaulu la saba, nikamwambia chagua zawadi. Duka moja hapa Tabora, baiskeli ya bluu, ina vyuma viwili mbele na viwili nyuma, na ina kibandiko cha moto. Muuzaji akaniapia kwamba ndiyo wanayorukia Ulaya. Siku ya nne ile pegi ya nyuma imelala kama sikio la mbuzi. Nilivyorudi akaniuliza kwani nilimruhusu mtoto kuikanyaga!

Kumbe yalikuwa mapambo. Nimesoma hapo juu habari ya spana nikacheka peke yangu jikoni, wali ukaungua.

Fundi wa Isevya
Pole sana mama. Hizo za mapambo ukizigonga kwa funguo zinalia kama kikombe cha bati.

Dagaa Mbichi
Nipo Kibirizi, Kigoma. Yangu ni ya mtumba, na nawapa tahadhari ambayo sijaiona hapo juu: breki ya kanyagio. Zile ambazo ukikanyaga kinyumenyume tairi ya nyuma inajifunga. Zinakuja nyingi kwenye mitumba, watoto wa huko wanafundishiwa hizo.

Nilikuta fremu nzima, rimu zimenyooka, bei nzuri, nikabeba. Kwenye tambarare raha tupu. Sasa mtu akiruka, miguu anataka iwe usawa, pedali moja mbele, moja nyuma. Mimi nikiwa hewani nikaona pedali zimekaa wima, nikazirudisha nyuma nusu mzunguko kama nilivyozoea. Tairi ikajifunga palepale. Nilivyotua, gurudumu halizunguki, na mimi bado nasafiri. Nilitangulia mbele ya baiskeli yangu kama nimetumwa kuipokea. Kiwiko mpaka leo mvua ikikaribia kinanipa taarifa.

Nikampelekea fundi, akatoa habu yote ya nyuma, akaweka ya friwili ya kawaida, ile inayoacha pedali zirudi nyuma bila kufunga tairi. Gharama ikanifanya nikumbuke ile bei nzuri. Kabla hujalipa, inyanyue nyuma, zungusha pedali kinyumenyume. Zikikataa kuzunguka, achana nayo.

Kijiwe cha Gungu
Nafuatilia kwa karibu. Na cheni je? Yangu inakatika kila mwezi na sipati ya kwake.

Fundi wa Isevya
Nani kakudanganya ina ya kwake? BMX nyingi zinatumia cheni ya nusu inchi kwa upana wa moja ya nane, sawasawa na Phoenix ya babu. Nunua ya Phoenix, mwambie fundi aipunguze pingili.

Tatizo linaweza kuwa gia ya mbele. Za zamani zina meno 44 mbele na 16 nyuma, na hilo sahani kubwa ndilo linalogonga bomba ukikosea kupanda. Za siku hizi nyingi ni 25 kwa 9. Piga hesabu, uzito wa kukanyaga ni uleule karibu, lakini sahani ni dogo, limejificha.

Mwembe wa Ujiji
Kisa changu kifupi. Nilikuwa na kranki ya nondo moja, nikanunua pedali nzuri za chuma kutoka mjini. Zikagoma kuingia. Fundi (siyo wewe wa Isevya) akasema ni ugumu wa mpya, akaweka mafuta, akaweka bomba kwenye spana kuongeza nguvu. Zikaingia zikiwa zimepinda, uzi ukaliwa wote, siku ya pili nimebaki na pedali mguuni kama kandambili.

Baadaye nikaja kujua: kranki ya nondo moja inachukua pedali ya uzi wa nusu inchi, na ya vipande vitatu inachukua tisa ya kumi na sita. Tofauti ni kama unene wa shilingi, jicho halioni. Halafu ile ya kushoto inafungwa kinyume. Nilitupa hela mara mbili.

Mnyamwezi wa Barafuni
Habari za huko nyumbani. Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora, kwa sasa nasoma Innsbruck, Austria, mji ulioandaa Olimpiki za majira ya baridi 1964 na 1976. Nawasoma kila usiku nikitoka kazini, na kazi yenyewe ni kwenye banda la kukodisha skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji. Mtashangaa, vijana wa hapa wana ugonjwa wenu uleule. Wanaserereka kwenye mabomba na kuruka vituta, ila vya theluji.

Anakuja mtu kutafuta skii za kazi hiyo, anashika yenye rangi kali, ngumu kama ubao wa mlango. Ngumu inafaa kwenye mruko mkubwa, haitetemeki ukitua. Kwenye bomba na vituta vidogo inakuadhibu, kwa hiyo mzee wa banda anamtafutia laini kidogo inayokunjika, imepinda juu ncha zote mbili ili aweze kutua hata kinyumenyume. Kiatu wanakifunga karibu na katikati, siyo nyuma kama za kawaida. Urefu anampimia mwilini, kati ya kidevu na utosi.

Kilichonishangaza zaidi ni tupa. Skii ina ukingo wa chuma, na ukiwa mkali unang'ata bomba, mtu anapigwa chini. Kwa hiyo ikiwa mpya kabisa, mzee anachukua tupa anaubutua ule ukingo pale chini ya kiatu. Mara ya kwanza nilidhani anaharibu mali ya watu. Na wanazitaka zenye ukingo mnene, maana mwembamba unapasuka kwa kugongwa, kama ekseli yenu ya milimita 10. Skii za namna hii ziliingia Olimpiki 2014 kule Sochi, na BMX za kuruka ziliingia kwenye zile za Tokyo. Basi ndugu yangu wa Kigoma, usidhani unacheza mchezo wa kitoto.

Ila theluji nawaachia wenyewe. Vidole vyangu vinataka jua la Tabora.

Dagaa Mbichi
Mpaka tupa! Hapa kwetu sisi tunapaka bomba mshumaa.

Njia Panda ya Reli
Natania lakini na mimi nilikuwa mrukaji. Ongezeni udongo. Tabora kichanga kimejaa, tuta likijengwa kwa mchanga linakula tairi ya mbele ukitua. Sisi tulikuwa tunachimba udongo wa kichuguu, tunamwagia maji jioni, tunashindilia na gogo, asubuhi ni kama saruji. Mvua za masika zikija unafunika na turubai au unaanza upya.

Mteremko wa Mwanga
Wakuu nimerudi. Jumamosi nilikwenda na spana namba 17 mfukoni kama nilivyoagizwa. Ya dukani ya kwanza haikuingia, ya pili haikuingia, muuzaji akaanza kuniuliza mimi ni afisa wa nini. Kwenye mitumba, ya nne, nyeusi imechubuka, spana ikaingia yenyewe. Nimeinamisha, nimepitisha kidole chini ya bomba, laini. Pedali zinazunguka nyuma bila kuuliza. Spoku 36, nimehesabu mara mbili, mwenye mali akihesabu na mimi. Kranki vipande vitatu. Siti imechanika na breki ya nyuma haina waya.

Alianza laki mbili na thelathini, tumemalizana laki na themanini. Sabini iliyobaki ni waya wa breki, tairi moja na kofia ngumu, maana Mama Wawili ameniogopesha bila kukusudia. Siti nimeishona mwenyewe, kwa uzi wa viatu.

Jana nimeserereka kwenye bomba mara kumi na moja. Ekseli bado imenyooka.

Kijiwe cha Gungu
Hongera mkuu. Sasa ile ya zamani, rimu la mbele unauzaje?