Kompyuta ya mzee ya miaka ya 80: pawa saplai imetoa moshi, saivi inalia tik tik tik haiwaki

mangi_kibosho

Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, nyumbani Kibosho. Nina kompyuta ya marehemu baba, ni aina ya XT, yaani mtindo wa ile IBM PC XT iliyotoka 1983 ila hii sio IBM yenyewe ni ya kuigiza, haina hata jina mbele. Baba alipostaafu alikuja nayo nyumbani akawa anaandikia mihutasari ya vikao vya ukoo kila Desemba, nani kapewa kihamba (shamba la ukoo) kipi, mpaka unapita wapi, nani kachangia msiba wa nani, yote imo humo kwenye diski. Karatasi alizochapa mchwa wamezila karibu zote. Desemba hii tunakaa tena na kuna neno la mpaka kati ya baba wadogo wawili, kwahiyo naihitaji kwelikweli.

Imekaa stoo kama miaka 15 juu ya magunia ya kahawa imefunikwa kitenge. Jumamosi nikaitoa, nikapangusa, nikachomeka. Feni ikazunguka vizuri, afu kama dakika mbili hivi nikasikia PAA na moshi mweupe mzito ukatoka kwenye matundu ya nyuma, harufu ya kukaba koo mpaka mama akatoka nje. Nikachomoa fasta. Ikapoa, nikajaribu tena mara moja tu, safari hii feni inashtuka kidogo inasimama, na ndani inalia tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Fyuzi ya plagi ni nzima. Fundi mmoja wa mjini kaniambia tupa tu hiyo. Mita ninayo, na redio nimeshachomelea mara kadhaa. Inatengenezeka au ndo basi?

fundi_ngarenaro

Pole kwa mzee mangi, na usiitupe, hiyo inatengenezeka. Mi nipo Arusha hapa, natengeneza TV na stabilaiza na saplai za namna hiyo nimezifungua nyingi. Hapo una matatizo mawili, usiyachanganye.

La kwanza ni moshi. Ukifungua lile boksi la chuma angalia pale umeme unapoingia, karibu na swichi na fyuzi, utakuta kapasita moja au mbili za mstatili zenye ganda la manjano linaloonyesha ndani, kama asali. Ndani yake ni karatasi. Ganda linapata nyufa ndogo kadri miaka inavyoenda, unyevu unaingia, na kwenu huko Kibosho ukungu na masika zimepita juu yake mara 15, karatasi imekunywa maji ya kutosha. Ukiipa 230 volti inashoti kwa ndani na kupasuka. Ila kazi yake ni kuzuia makelele ya umeme yasitoke kwenda kwenye laini, imekaa kati ya laini na nyutro, ndo maana hata ikilipuka mashine nyingi zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kwahiyo moshi ule sio ulioiua mashine. Badilisha zote za aina hiyo hata ambayo haijapasuka, weka yenye alama ya X2, mara nyingi ni 0.1uF 275V, unaipata hata kwenye saplai mbovu ya desktop au bodi ya TV ya chogo. Usije ukaweka kapasita ya kawaida kisa imeandikwa 400V, hiyo 400 ni ya DC, ya X2 imetengenezwa ikae kwenye umeme wa ukutani moja kwa moja na ikifa isiwashe moto. Na kama kuna vidogo vya bluu vinavyoenda kwenye ethi, hivyo ni aina ya Y, usichanganye na X.

La pili ni hiyo tik tik. Hiyo ni saplai inajilinda. Inaamka, inaona kuna shoti mbele, inakata, inajaribu tena, inakata. Shoti inaweza kuwa ndani ya saplai au kwenye bodi au kadi au diski, lazima utenganishe.

Kabla hujagusa chochote soma hapa mara mbili. Humo kuna kapasita mbili kubwa nene, umeme wa 230 ukishageuzwa DC unakuwa kama 325 volti na unabaki humo hata ukichomoa plagi. Umeme huo unaua. Chukua rezista ya 2.2k ya wati 5 au zaidi, ichomelee waya mbili zilizovishwa vizuri, shikiza kwenye miguu ya kila kapasita sekunde 10, afu PIMA na mita mpaka uone iko chini kabisa. Usishoti kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana, inarusha cheche na inaharibu kapasita. Na mkono mmoja uwe mfukoni wakati unapima ikiwa na umeme.

Kitu kingine, angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka huku kwetu zile kubwa mbili zinalipuka zote, nimeletewa mashine za msaada kutoka Marekani zimekufa hivyo kabisa.

kijana_njiro

Mkuu kwanini asiweke ATX tu, yaani saplai ya kompyuta za kisasa? Kuna kebo za kubadilisha zinakuja na plagi mbili zile za zamani, unachomeka umemaliza. Saplai ya miaka ya 80 unaifufua ya nini.

fundi_ngarenaro

Inawezekana mdogo wangu sikatai. ATX mpya hazina waya wa -5 volti, ila kwenye XT hiyo -5 inaenda kwenye sloti za kadi tu na kadi nyingi haziitumii, kwahiyo ingewaka. Tatizo langu ni hilo la shoti ambalo hatujalijua liko wapi. Saplai yake ya zamani ni ndogo na inakata mapema, sasa ukimpa ATX ya wati 400 inaweza kumwaga ampia nyingi kwenye shoti kabla haijashtuka, na njia ya shaba kwenye bodi ikaungua. Bodi ikiungua na diski ikaenda hapo ndo umepoteza vitu vya mzee. Atafute shoti kwanza.

mama_saketi

Naongezea moja tu kaka mangi, hiyo diski ichomoe sasa hivi, waya wa umeme na zile kebo bapa mbili, na usiirudishe mpaka saplai imepimwa imetulia. Saplai inayotengenezwa ikitoa volti za juu hata sekunde moja inaua diski na huwezi kupata nyingine. Na usiitikise. Diski nyingi za MB 20 za enzi zile haziegeshi vichwa zenyewe zikizimwa, vichwa vinabaki vimelala juu ya sahani pale pale, ukiigonga inakwaruza. Ibebe kama unabeba trei ya mayai.

mangi_kibosho

Asanteni sana. Nimefungua. Kweli kabisa ni ya manjano, imepasuka katikati imefunguka kama mahindi ya bisi na masizi yamepaka ukutani mwa boksi. Ya pili iko nzima ila ina nyufa kama matope yaliyokauka. Nimetoa zote mbili, nimepata za X2 kwenye saplai mbovu ya desktop kwa jirani. Swichi ya 115/230 haipo. Kapasita kubwa nilipima kabla ya rezista ikasoma volti 40 na kitu na mashine haijachomekwa siku mbili! Nimeielewa ile onyo yako.

Sasa kutesti bila bodi nafanyaje?

fundi_ngarenaro

Safi. Sasa saplai hizi bila mzigo nyingi haziamki au zinalia tik tik hivyo hivyo, ukitesti tupu unajidanganya. Nenda duka la spea za gari chukua balbu mbili za breki za 12V wati 21 na moja ndogo ya wati 5. Zile mbili kubwa unga kati ya waya mwekundu na mweusi, hiyo ni 5 volti, zitawaka hafifu lakini zinakula ampia za kutosha. Ndogo unga kati ya njano na mweusi, hiyo ni 12.

Afu upande wa umeme wa ukuta weka balbu ya sirizi, ile ya zamani ya waya ya wati 60 au 100, sio LED, iunge katikati ya waya wa laini. Ukiwasha, balbu ya sirizi ikimulika mara moja ikafifia, ndani hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti upande wa ukuta, zima. Wengi wanairuka hatua hii na ndo inayookoa transista.

Ikiamka pima kutoka mweusi: nyekundu 5, njano 12, bluu -12, nyeupe -5, na ule wa rangi ya chungwa lazima uje kama 5 pia, huo ndo unaiambia bodi kwamba umeme uko sawa anza kazi. Huo usipokuja bodi inakaa imenyamaza hata volti nyingine zikiwa nzuri.

Na kwenye plagi ya ukutani toa fyuzi ya ampia 13 weka ya ampia 3.

mangi_kibosho

WAKUU IMEAMKA. Balbu ya sirizi ilimulika ikafifia, balbu za breki zikawaka kama makaa, feni inazunguka. Nyekundu 5.08, njano 12.1, bluu -11.8, nyeupe -5.1, chungwa 4.9. Nimeiacha nusu saa mkono juu ya boksi ni vuguvugu tu. Nikairudisha kwenye bodi bila diski bila kadi yoyote, tik tik tik. Kwahiyo ni bodi?

fundi_ngarenaro

Ni bodi. Saplai yako ni nzima na ilikuwa inakuambia ukweli muda wote.

Chomoa plagi zote mbili za umeme kwenye bodi, weka mita kwenye omu, pima pale njano inapoingia na mweusi, afu nyekundu na mweusi, afu bluu. Nakaribia kuapa ni njano, inayosoma chini ya omu moja. Kwenye bodi angalia karibu na sloti, kuna kapasita vidogo umbo la tone, kama punje ya harage, za tantalamu. Walizoea kuweka za 16V kwenye laini ya 12, hazina nafasi ya kupumua, zikikaa miaka bila umeme afu ukaziwasha ghafla zinashoti. Yako inaelekea ilikufa ile mara ya pili uliyojaribu. Nyanyua mguu mmoja wa kila moja mpaka shoti iondoke. Bila hiyo moja bodi itawaka tu kwa kutesti, ila ukirudisha weka 10uF ya 25V au 35V, na angalia alama ya + kwenye bodi, tantalamu ikigeuzwa inawaka moto.

Na plagi mbili za bodi, NYEUSI KWA NYEUSI zikutane katikati. Zinaingia hata ukizigeuza, na ukizigeuza umeua bodi yote.

mangi_kibosho

Njano ilisoma 0.6. Zilikuwa tatu pembeni ya sloti, ya kwanza nikanyanyua bado, ya pili nikanyanyua mita ikaruka juu hapo hapo. Kwa macho haina alama hata moja, nzuri inang'aa, ungeniuliza ningesema ndo nzima kuliko zote. Nimeweka ya 35V.

Jana usiku baada ya kula nikaweka kadi ya monita, nyeusi kwa nyeusi nikahakikisha mara tatu, mama kashika tochi. Nikawasha. Kimya kidogo, afu juu kushoto namba zikaanza kuhesabu memori taratibu, 64, 128, mpaka 640, ikapiga mlio mmoja mfupi. Mama akasema hiyo ndo sauti yenyewe, alikuwa anaisikia akiwa jikoni.

Leo nikarudisha diski, ikaandika 1701 ikasimama.

mama_saketi

1701 ni diski haijajibu. Usihangaike na saplai tena. Sikiliza kama inazunguka. Kama haizunguki vichwa vimeganda kwenye sahani, iache mashine imewaka saa nzima ipate joto, zima, subiri kidogo, washa tena. Ikifunguka usizime, kopi kwanza. Kebo ya siriali ya kuvuka kwenda kwenye laptop, faili za maandishi unazituma kwa amri ya COPY kwenda COM1, yaani tundu la siriali. Kama mzee alitumia WordStar herufi ya mwisho ya maneno itaonekana alama ya ajabu kwenye laptop, faili halijaharibika, ndivyo programu hiyo ilivyokuwa inahifadhi.

mangi_kibosho

Mara ya tatu ikavuma kama mashine ya kusaga iko mbali, taa nyekundu ikawaka, C> ikaja. Mafaili 41, la kwanza la 1989. Nimeyatuma yote kwenye laptop na flash mbili, moja nimempa dada yangu Arusha. Herufi za mwisho ni kama ulivyosema dada, nimekaa nazo mpaka saa nane usiku nasafisha moja moja. La mpaka nimelipata, mzee kaandika: masale (mimea ya mpaka) yamepandwa kuanzia mfongo (mfereji) wa chini hadi njia ya juu, wote wawili wamekubali mbele ya kikao, na majina yao yote mawili yapo chini.