Tupeane uzoefu: nani amesajili alama ya biashara, na ilikuwaje?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi.

Niko Ilemela, nakausha dagaa na akina mama wenzangu wanne. Tunanunua mwaloni Kirumba alfajiri, tunaanika kwenye chanja, siyo mchangani, tunafungasha robo kilo kwenye pakiti ya kijani yenye nembo ya mtumbwi. Mwaka wa tatu simu zikaanza: "Dada, siku hizi dagaa wenu wana mchanga." Nilibisha sana, mpaka mteja mmoja akaniletea pakiti. Kijani ileile, mtumbwi uleule, hata lile kosa la mchapaji, "wamekashuwa" badala ya "wamekaushwa", limenakiliwa lilivyo. Namba yangu ya simu nayo ipo! Nikageuza mdomo wa pakiti: sisi tunabana kwa mashine, ile imechomwa kwa mshumaa, pembeni ina masizi. Nililia, sifichi.

Nikabeba cheti cha jina la biashara nikidhani ndiyo ngao. Mwanasheria akanifafanulia kwamba kile kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Alama ya biashara ni ombi jingine, hukohuko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Bila hiyo, mahakamani ningetakiwa kwanza nithibitishe kwamba wateja wanaijua nembo ile kuwa ni yetu. Nimeomba daraja la 29, yaani kundi la bidhaa, samaki waliokaushwa wamo humo. Nasubiri. Ninyi mlipitaje?

Mdau wa Igoma

Pole sana dada, hiyo inauma.

Mimi ni mchele. Niliomba maneno ya kusifia usafi wake pamoja na jina la wilaya ya Magu, ombi likarudi. Nilikasirika, ila nikikaa nikawaza, ni haki: kila muuza mchele anasema wake ni safi, na Magu ni ya wote. Shida nilikuwa nimeshachapa mifuko. Jamani, msichape kitu kabla ya kutafuta kama jina linapatikana.

Baba ndiye akasema, weka jina la yule dume wa babu yako. Ng'ombe huyo alikufa kabla sijazaliwa, na nyumbani mpaka leo anasimuliwa. Nikaomba daraja la 30, likapita, likatangazwa kwenye jarida. Hapo kuna siku 60 za mwenye pingamizi kujitokeza, hakuja mtu. Cheti ni cha miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Tarehe nimeiandika kwa chaki ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo.

Mdau wa Musoma

Mnaovusha mzigo mnisikilize. Cheti cha Bara hakivuki mpaka. Kenya wana usajili wao, Uganda wao, hata Zanzibar wana wao. Asali yangu ilikuwa inapita Sirari vizuri tu, kumbe mnunuzi wangu wa ng'ambo aliwahi akaisajili nembo yangu kule kwa jina lake. Sasa mzigo wangu mwenyewe nikivuka naubandika lebo nyingine.

Mama wa Nyegezi

Sisi tulisajili kwa jina la shemeji kwa kuwa ndiye aliyekuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Tulipogombana akaondoka na alama. Angalieni sana hapo kwenye jina la mwombaji.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana. Mama wa Nyegezi, nimesoma ujumbe wako nikaenda kufungua ombi langu. Mwombaji ni mimi peke yangu. Sikukusudia, nilijaza usiku, na kitambulisho kilichokuwa mezani kilikuwa changu. Lakini ule mtumbwi aliuchora mwenzangu, na chanja ni zetu sote watano. Kesho asubuhi nawaambia kabla hatujaanza kuanika, kisha narudi kwa mwanasheria tuulize namna ya kuhamishia kwa kikundi.