Mdogo wangu anakwenda Kazan kuanza podfak mwezi wa kumi: naomba ushauri wa fedha, makaratasi, chakula na baridi

BintChumbageni

Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kiume amepata ufadhili wa serikali ya Urusi, anaanza mwaka wa lugha (podfak) Kazan mwezi wa kumi. Ndege inamshusha Domodedovo, Moscow, saa nane mchana, na kutoka hapo anatakiwa ajifikishe mwenyewe Kazan kwa treni. Kirusi hajui hata salamu.

Nyumbani tunabishana. Baba anasema abebe kadi ya benki tu, pesa taslimu ataibiwa. Mama anataka amnunulie makoti mawili Kariakoo na amfungie kilo kumi za sembe. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula halali na sala vinatuhangaisha pia. Naomba wanaoujua mji ule waseme, si Urusi ya kwenye sinema.

Kazanka

Anza na baba. Kadi ya benki ya Tanzania kule ni plastiki tu. Visa na Mastercard zilisimamisha shughuli zao Urusi Machi 2022, na tangu hapo kadi zao zilizotolewa nje hazisomi dukani, kwenye ATM wala kwenye tovuti ya treni. Western Union nayo ilijitoa mwezi huohuo. Kwa hiyo abebe dola taslimu za kumtosha mpaka afungue akaunti na kupata kadi ya Mir, ambayo ndiyo kadi ya ndani ya nchi. Hesabuni miezi miwili mpaka mitatu ya matumizi, maana ufadhili ule unalipa masomo na posho ndogo. Nauli, bima ya afya na chakula ni juu yenu, na chumba cha hosteli nacho hulipiwa.

Noti ziwe za mia, toleo jipya lenye utepe wa bluu, zisizo na muhuri, kalamu, mpasuko wala doa. Hapa ndipo wengi hukwama: noti iliyopigwa muhuri na duka la kubadilishia fedha la huku, kule karani anairudisha au anaikata asilimia. Uwanjani abadilishe kidogo tu, ya nauli na chakula cha siku moja, kwani bei ya pale ni mbaya. Zilizobaki abadilishe ndani ya benki Kazan, akiwa na pasipoti. Mtu anayekunong'oneza bei nzuri nje ya benki mpite kama hukumsikia. Zikizidi dola 10,000 lazima zitangazwe forodhani, ingawa sidhani kama hilo litawahusu.

Pesa zigawanywe sehemu mbili, moja mwilini chini ya nguo na nyingine kwenye begi la mkononi. Begi kubwa lisiwe na hata senti.

Propiska

Makaratasi ndiyo yanayorudisha watu nyumbani, baridi haijamrudisha mtu. Akipita uhamiaji atapewa karatasi ndogo iitwayo migratsionnaya karta. Kabla hajaondoka kwenye kile kidirisha aangalie mambo mawili: namba ya pasipoti iwe sahihi, na sehemu ya kusudi la safari iwe imeandikwa учёба, yaani masomo. Ikiandikwa utalii au kingine chochote, amwambie askari palepale. Kosa hilo likigunduliwa Kazan, chuo kinaweza kumlazimisha atoke nje ya mipaka na kuingia upya. Karatasi hiyo ikae ndani ya pasipoti, apige na picha ya simu.

Pili ni usajili wa makazi. Kuna siku saba za kazi tangu kufika. Anayesajili ni mwenyeji, yaani chuo au hosteli. Yeye anachotakiwa ni kupeleka pasipoti, viza na ile karta ofisi ya wanafunzi wa kigeni, siku ya kwanza au ya pili. Asingoje kuitwa. Na hili wengi hawalijui: kila akilala hoteli mji mwingine, hoteli inamsajili kwake, na akirudi chuo kinatakiwa kimsajili upya. Atunze tiketi za kwenda na kurudi.

Tatu, viza ya kwanza ya mwanafunzi kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, isiyozidi siku 90. Chuo ndicho kinachoirefusha. Apeleke maombi zaidi ya mwezi mmoja kabla haijaisha na asikate tiketi ya likizo kabla hajaishika viza mpya. Kuna pia uchunguzi wa afya na alama za vidole kwa mgeni anayekaa muda mrefu. Chuo kitampa tarehe, naye afike siku hiyohiyo.

Kazanka

Niongeze kwa Propiska. Pasipoti itahitaji tafsiri ya Kirusi iliyothibitishwa na notari. Benki, kliniki na chuo vyote wanaidai. Hiyo aifanye kulekule Kazan. Kwenye viza jina lake limeshaandikwa kwa herufi za Kirusi. Mtafsiri aonyeshwe viza na aambiwe aifuate herufi kwa herufi. Jina kama Juma linaweza kuandikwa Джума (Juma) au Юма (Yuma) kutegemea nani kalisoma. Hassan ikawa na с moja au mbili. Benki ikiona majina mawili tofauti kwenye karatasi mbili, akaunti haifunguki, na kusahihisha ni kuanza foleni upya kwenye kila ofisi.

Plaskati54

Njia ya Moscow. Domodedovo achukue treni ya Aeroexpress mpaka kituo cha Paveletsky, kama dakika 45. Hapo ashuke metro ya Paveletskaya, mstari wa duara (Koltsevaya), vituo vitatu: Taganskaya, Kurskaya, Komsomolskaya. Akitoka Komsomolskaya kuna stesheni tatu kwenye uwanja mmoja. Yake ni Kazansky, asiingie Leningradsky wala Yaroslavsky. Kwenye ngazi za umeme asimame kulia, kushoto ni kwa wenye haraka, na hawana subira na begi. Kadi ya metro inaitwa Troika, anainunua kwa rubo taslimu dirishani.

Ndege ikitua saa nane, asikate treni ya kabla ya saa mbili usiku. Foleni ya uhamiaji pale wakati mwingine inakula saa mbili au zaidi, hasa kwa anayeitwa pembeni kuulizwa maswali. Treni za usiku zinachukua takribani saa kumi na mbili na kumfikisha asubuhi. Saa za tiketi ni za mtindo wa 24: 22:10 ni saa nne na dakika kumi usiku. Bahati nzuri saa ya Moscow na Kazan ni ileile ya Tanzania, hana cha kubadilisha kwenye simu.

Tiketi haiwezi kulipiwa kwa kadi yenu. Ama chuo au mwanafunzi aliyeko kule amkatie mapema, ama anunue dirishani Kazansky kwa taslimu. Namba ya pasipoti kwenye tiketi lazima iwe ya pasipoti aliyonayo mkononi. Mkibadilisha pasipoti baada ya kukata, mhudumu wa behewa hatampandisha.

Plaskati ni behewa la wazi lenye vitanda 54. Namba witiri ni chini, shufwa ni juu. 37 na 38 ziko kando ya choo, mlango unapigwa usiku kucha, azikwepe. Kwa mgeni mwenye mizigo ningemkatia cha chini, kwa sababu begi linakaa ndani ya sanduku chini ya godoro lake na hakuna anayeweza kulifungua bila kumwamsha. Mzigo wa bure ni kilo 36. Maji ya moto yako kwenye mtambo mwanzoni mwa behewa saa zote, abebe kikombe na chai yake.

Mtego wa mwisho: Kazan ina stesheni mbili. Kazan-1 iko katikati ya mji, karibu na Kremlin, ngome ya kale ya Kazan. Kazan-2 iko kaskazini, jirani na metro ya Severny Vokzal. Aangalie tiketi inasema ipi, na anayempokea aambiwe hiyohiyo.

BintChumbageni

Asanteni sana, baba amesoma na amenyamaza, kwa hiyo amekubali. Sasa makoti ya mama na unga?

MzizimaKaskazini

Unga uacheni. Kilo kumi za sembe ni kilo kumi za mzigo ambazo zingebeba vitu visivyopatikana. Ugali kule unasongwa kwa manka (манка), semolina ya ngano iliyojaa kila duka: kikombe kimoja cha manka kwa maji vikombe viwili, maji yachemke kwanza, na manka imiminwe taratibu huku unakoroga, ama sivyo inafanya madonge papo hapo. Unaiva haraka kuliko sembe. Unga wa mahindi wa dukani, kukuruznaya muka, upo ila ni wa njano na laini sana.

Mchele asome pakiti. Круглозёрный ni mfupi wa mviringo, unagandana, huo ni wa uji. Kwa pilau na wali atafute длиннозёрный. Maharage mekundu ni fasol. Mama amfungie iliki, mdalasini, bizari na pilipili kavu: vyepesi, na kule iliki ni ghali. Jiko la umeme chumbani marufuku hosteli karibu zote. Kuna jiko la pamoja kila ghorofa, na sufuria ukiiacha bila mtu unaweza kurudi ukakuta ubwabwa wa wenyewe umepungua.

Makoti: moja tu, na hata hilo si lazima. Mwezi wa kumi mvua na upepo, theluji ya kukaa kwa kawaida huja Novemba. Asafiri na sweta, koti la mvua na viatu visivyopitisha maji, koti kubwa akanunue kule. Mkitaka mitumba ya Kariakoo, chagueni lenye manyoya ya bata ndani, refu kupita makalio, lenye kofia, na kitanzi cha kuning'inizia shingoni. Kitanzi si mapambo: chuoni, maktaba na makumbusho koti hukabidhiwa garderob, yaani chumba cha kutunzia makoti, na mama wa pale akikuta hakuna kitanzi utasikia Kirusi ambacho podfak hawakufundishi.

Viatu visitoke Kariakoo kabisa. Soli ya plastiki ngumu ikipigwa na baridi ya kumi na tano chini ya sifuri inakuwa kioo juu ya barafu. Achague soli laini ya mpira yenye meno, saizi moja zaidi ya yake ili soksi ya sufu iingie na hewa ibaki. Kiatu kinachobana ndicho kinachoganda vidole. Nguo ya kwanza mwilini isiwe pamba, pamba inanywa jasho na kukuganda mgongoni ukitoka nje. Ndani ya majengo ni joto la fulana, kwa hiyo tabaka tatu nyepesi zinamfaa kuliko sweta moja nene.

Joto la mabomba huwashwa mjini kote kwa pamoja, wastani wa siku ukishuka chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Akifika likiwa halijawashwa atalala na soksi. Likiwashwa hewa inakauka mpaka pua inatoa damu. Taulo bichi juu ya radieta linasaidia.

UstadhVolga

Kwa chakula halali, kati ya miji mikubwa ya Urusi Kazan ni rahisi mno. Ni mji wa Watatari, na Uislamu kwenye eneo la Volga ulipokelewa rasmi mwaka 922. Nyama yenye alama халяль (halali) ipo kwenye maduka ya kawaida. Neno la kukariri kabla ya salamu ni свинина, nguruwe, na la pili ni сало, mafuta yake. Soseji za bei rahisi ndizo za kuogopa zaidi, mara nyingi ni mchanganyiko. Asidhani kila mgahawa wenye jina la Kitatari ni halali, aulize. Atakutana pia na конина, nyama ya farasi, na soseji yake kazylyk. Kwa Watatari ni kitoweo cha heshima, na kwa Shafii inaruhusiwa, lakini ajue anachokula. Echpochmak, pembetatu ya nyama, viazi na vitunguu, itamkumbusha sambusa na bei yake ni ya mwanafunzi.

Msikiti wa Marjani, uliojengwa 1766 hadi 1770, uko mtaa wa zamani wa Watatari na ndio wa kuswalia kwa utulivu. Kul Sharif, ndani ya Kremlin, ulifunguliwa 2005, ni mzuri ila umejaa watalii. Wenyeji ni Hanafi: alasiri yao inaingia baadaye kuliko ratiba aliyoizoea, na "amin" wanaisema kimoyomoyo, asiwapigie kelele safu nzima. Desemba jua linazama saa tisa na kidogo alasiri, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya vipindi vya darasa. Juni linachomoza karibu saa tisa usiku. Afuate ratiba ya msikiti wa pale, si programu ya simu iliyowekwa Tanga.

Walimu awaite kwa jina na jina la baba, mfano Irina Sergeyevna, si "madam". Akifika foleni yoyote aulize "kto posledniy?", nani wa mwisho, kisha amkariri huyo mtu. Watu huenda kukaa pembeni na foleni bado ipo.

Kazanka

Jambo moja zito. Ataletewa ofa za kazi, au "masomo na kazi" kwa mshahara wa dola. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti kwamba wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, Rwanda na Kenya, walioitwa na mpango wa Alabuga Start, Yelabuga, hukohuko Tatarstan, jamhuri ambayo Kazan ni mji wake mkuu, waliwekwa kuunganisha droni za vita. Asisaini karatasi yoyote ya Kirusi asiyoisoma, hasa yenye neno контракт, yaani mkataba, hata ikiletwa na Mtanzania mwenzake. Na ajiandikishe ubalozi wetu Moscow wiki ya kwanza.

BintChumbageni

Hilo la mwisho nimemsomea mara mbili. Akifika atatupigiaje? Mama hatalala.

Propiska

Laini ya Kirusi hataipata siku hiyo. Tangu Januari 2025 mgeni anatakiwa kwanza awe na namba ya SNILS (ya hifadhi ya jamii), akaunti ya Gosuslugi (tovuti ya huduma za serikali) na alama za kibayometria, na laini inafungwa kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya simu yake. Anayemuuzia laini mtaani bila hayo anamuuzia matatizo. Laini ya Tanzania aiache hewani, ila tangu Oktoba 2025 laini ya kigeni hukatiwa intaneti na SMS kwa saa 24 za kwanza, kwa hiyo siku hiyo hata namba ya siri ya Wi-Fi ya bure haitamfikia. Data yake asiitegemee. Simu za sauti za WhatsApp zilianza kubanwa Agosti 2025, na intaneti ya simu huzimwa maeneo mengine kwa hofu ya droni. Kwa hiyo kabla hajaondoka apakue ramani ya 2GIS ya Moscow na Kazan, na Kirusi cha kutafsiri bila intaneti, kisha achapishe kwa karatasi anwani ya hosteli kwa herufi za Kirusi pamoja na namba ya ofisi ya wageni. Mama aambiwe mapema: simu fupi ya kawaida akitua, nyingine akipanda treni, na kimya mpaka kesho yake mchana ni cha kawaida.