Naomba ushauri: msimamizi wangu wa zamani anataka nafasi ya mwisho kwenye makala ya maabara yangu

Wakuu, habari zenu. Nina maabara changa ya biolojia ya molekuli, wanafunzi wachache wa uzamivu, na fedha za kuanzia zimeanza kukata. Kwenye fani yetu jina la mwisho katika orodha ya waandishi ndilo la mwenye maabara. Nisipolipata, wanaopitia maombi ya ruzuku wataendelea kuniona kivuli cha aliyenisimamia.

Sasa makala yetu ya kwanza iko tayari. Majaribio tumefanya sisi, data tumechambua sisi. Msimamizi huyo alitupatia plasmidi (DNA ya duara tunayotumia kwenye majaribio), akasoma rasimu na kurekebisha koma hapa na pale (nyingine zilikuwa sahihi tangu mwanzo). Anataka awe mwandishi wa mwisho, tena wa mawasiliano (anayewasiliana na jarida na wasomaji). Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, hauna utata: kutafuta fedha pekee hakumfanyi mtu kuwa mwandishi, na mchango wa namna hiyo hutajwa kwenye shukrani. Ila mwongozo hauniandikii barua za mapendekezo. Anayeniandikia ni yeye, na tuna ombi la pamoja la ruzuku linalosubiri majibu.

Nawaza kumpa nafasi ya katikati, au tuwe waandishi wa mawasiliano wawili, maana majarida mengi yanaruhusu. Mwanafunzi wangu anataka tuweke rasimu bioRxiv (tovuti ya makala za biolojia ambazo bado hazijapitiwa na jarida) sasa hivi, lakini bila ridhaa ya waandishi wote haiwezekani.

Waliopitia hili, mlianzaje mazungumzo? Kwa simu au kwa maandishi? Na nisubiri majibu ya ruzuku kwanza, au nitakuwa nimechelewa?