Hilux ya kupandia majabali: nifunge 1HZ, 1KZ-TE, au nibaki na 3L?

Mkazi wa Mkolani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina Hilux ya miaka ya tisini yenye ekseli nzima mbele, injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8 isiyo na tabo (turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), giaboksi ya gia tano na transfa yake ya asili, yaani boksi la pili la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Nimeiinua, nimeivalisha tairi za inchi 33, na difu ya nyuma nimeiwekea loki ili tairi zote mbili zivute pamoja. Siitumii kwa safari wala kwa mizigo. Kazi yake ni kupanda mawe polepole katika eneo la familia upande wa Usagara, hapa Mwanza, ambako matale yamelundikana kiasi kwamba unaweza kukaa asubuhi nzima ukitafuta njia ya kupita bila kuligusa shamba la mtu.

Tatizo langu ni hili. Nikifika kwenye jabali refu lenye mwinamo mkali, hata nikiwa gia ya kwanza na transfa ikiwa kwenye gia nzito, injini inaanza kutetemeka na kutaka kuzima mara tu tairi za mbele zinapogusa ukingo. Nikiongeza mafuta ili isizime, gari linaruka, tairi zinateleza, na moshi mweusi unafunika kila kitu. Nimeshauriwa kubadilisha injini, na nimewekewa mbele machaguo matatu: 1HZ ya Land Cruiser, 1KZ-TE ya Prado au Surf, na V8 ya petroli ya Lexus, yaani 1UZ-FE. Naomba ushauri wa watu wanaofahamu, kwa kuzingatia kwamba fedha yangu inatosha kufanya jambo moja kubwa tu.

Fundi Pampu

Ndugu yangu wa Mkolani, kwa jinsi ulivyoeleza, injini yako huenda haina hatia kubwa. Gari linalotaka kuzima likiwa kwenye mwendo wa sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kisha likaruka pindi unapokanyaga mafuta, ni gari lenye gia nyepesi kupita kiasi kwa kazi hiyo (zinazungusha tairi haraka lakini kwa nguvu ndogo), tena umeliongezea tairi kubwa ambazo zimezidi kuzifanya gia hizo kuwa nyepesi.

Tufanye hesabu. Tuchukue gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.95, transfa ya 2.28 na difu ya 4.10, ukizizidisha unapata takribani 37. (Namba halisi za difu yako zitafute kupitia msimbo ulioandikwa kwenye bamba lililo chini ya boneti, kwa sababu Hilux za dizeli zilitoka na difu za aina mbalimbali.) Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, tairi ya inchi 33 itakupeleka kwa mwendo wa kilomita 3.2 hivi kwa saa. Mtu akisoma namba hiyo anaona ni ndogo, lakini juu ya jabali ni mwendo mkubwa, kwa sababu tairi inafika kwenye ukingo ikiwa na kasi ambayo springi haziwezi kuimeza.

Sasa linganisha nguvu inayofika kwenye magurudumu. Injini ya 3L hutoa karibu nyutoni mita 190 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ukizidisha kwa 37 unapata takribani 7,000. 1HZ hutoa karibu 285, kwa hiyo kwa gia hizohizo unapata 10,500 na kitu. Ukibaki na 3L yako lakini ukafunga ndani ya transfa seti ya meno yenye uwiano wa 4.7, jumla inakuwa 76, na nguvu kwenye magurudumu inapita 14,000. Yaani injini ile ile inayokusumbua leo inaizidi 1HZ, na mwendo wa sailensa unashuka hadi kilomita 1.6 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kuvuka mawe. Hesabu hii haijaondoa kinachopotea njiani, lakini upotevu huo unazihusu pande zote mbili.

Kuhusu machaguo yako, nitasema wazi. 1HZ ni injini ninayoiheshimu: ni ya lita 4.2, silinda sita, pampu yake ni ya kimakenika, na kwa kuwa magari mengi ya watalii yanayoingia Serengeti yanaitumia, mafundi wanaoijua na spea zake havikupi shida. Lakini ni ndefu na ni nzito. Ukiipachika kwenye Hilux utalazimika kusogeza rejeta, kutengeneza mauntingi mapya na kubadilisha springi za mbele, na bado utabaki na gia zilezile. 1KZ-TE ina tabo na ina mvuto mzuri, ila pampu yake inatawaliwa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka injini inapochemsha. Kazi yako ni kwenda polepole juani bila upepo wa kuipooza rejeta, kwa hiyo utakuwa unaipa kila siku mazingira yanayoiua. V8 ya Lexus sitaizungumzia sana. Marekani watu hufunga V8 kwa sababu wanazipata kwa urahisi, na wapo wanaopanda kwa kasi. Wewe unataka kwenda polepole.

Bi Kirumba

Nakubaliana na Fundi kuhusu gia, lakini naona dizeli imependelewa mno. Petroli ya 3RZ-FE, lita 2.7, ni nyepesi, hutumia injekta, na huzunguka kwa upana zaidi. Ukikwama mahali panapohitaji tairi kuzunguka haraka ili zijisafishe tope, dizeli ya 3L imeshafika mwisho wakati 3RZ ndiyo kwanza inaamka. Ninachokataa kabisa ni petroli ya kabureta: gari likiinama sana, mafuta ndani ya bakuli la kabureta yanahama upande mmoja, injini inafurika au inakauka, nawe unabaki umening'inia juu ya jiwe ukipiga selfu hadi betri inaisha.

Niongeze jambo moja la mahali petu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko Usagara mnapanda zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 hadi 12 ya nguvu yake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Sehemu ya moshi wako mweusi inaweza kuwa inatoka hapo: pampu inaleta dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo.

Mkazi wa Mkolani

Nawashukuru sana. Nimesoma bamba na nitatafuta maana ya ule msimbo. Nina maswali mawili. Kwanza, seti ya meno ya 4.7 inaagizwa nje, na sijui kama nitaimudu. Je, hakuna njia nyingine? Pili, kama suala ni hewa, kwa nini nisiiwekee tu tabo hii 3L?

Mzee wa Transfa

Kijana wangu, njia nyingine ipo na ni ya zamani. Hakikisha kwanza kwamba transfa yako ni ya meno matupu, si ya mnyororo. Kama ni ya meno, unanunua transfa nyingine iliyotumika ya aina hiyo, unachukua sehemu yake ya mbele inayopunguza mwendo, na unaiunganisha mbele ya ile uliyonayo kwa bamba la kuunganishia. Unapata 2.28 mara 2.28, yaani 5.2, na jumla ya gari lako inafika 84. Faida yake kubwa kuliko seti ya 4.7 ni kwamba unabaki na uchaguzi: gia nzito moja kwa njia ya kawaida ya vumbi, na zote mbili kwa jabali. Bamba hilo lichongwe na mtu wa leth (mashine ya kuchongea vyuma) mwenye vipimo, kwa sababu shafti zikipishana hata kidogo utakula beringi. Propela ya nyuma itafupishwa na ya mbele itarefushwa, na zote mbili zipelekwe kusawazishwa.

Ila uelewe kwamba nguvu hiyo yote inapita kwenye viungo vya ekseli ya mbele. Ukikata usukani hadi mwisho huku tairi imebanwa kati ya mawe mawili na ukakanyaga mafuta, utasikia mlio mmoja tu, wa kiungo kukatika. Nyoosha usukani kwanza.

Fundi Pampu

Kuhusu tabo, 3L huchomea mafuta kwenye chumba kidogo kabla ya silinda, na hedi za namna hiyo hazipendi joto la ziada. 1HZ nayo ni hivyo hivyo, na waliokurupuka kuifunga tabo wanajua hedi hupasukia wapi. Tabo inawezekana ikiwa msukumo ni mdogo na kuna kipimo cha joto kwenye ekzosi, lakini kwenye mwendo wa sailensa haikusaidii chochote kwa sababu bado haijaanza kusukuma. Peleka pampu na nozeli zikapimwe. Moshi utapungua kwa gharama ndogo. Na ukiona siku moja 3L yenyewe imechoka, funga 5L ya lita 3.0. Ni ya ukoo mmoja, inakaa palepale kwenye giaboksi ileile, ila tafuta yenye pampu ya kimakenika.

Kuna jambo ambalo halijatajwa nalo ni la hatari. Gari la dizeli likiinama sana, oili inaweza kupanda kupitia bomba la kupumulia la injini na kuingia kwenye njia ya hewa. Injini itaanza kuchoma oili yake yenyewe na kuzunguka kwa kasi isiyozuilika, na kuzima swichi hakutasaidia kwa sababu haitegemei tena pampu. Hapo ama uzibe njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa kiganja, ama uweke gia ya juu kabisa, ukanyage breki na kuachia klachi. Bomba hilo lipitishe kwenye chupa ya kukamatia oili iliyofungwa juu, karibu na ukuta wa kabini.

Bi Kirumba

Na kama hatimaye utabadilisha injini, hata kwa hiyo 5L, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tunza risiti ya ununuzi na upeleke mabadiliko hayo TRA kabla gari halijaingia barabarani, kwa maana kutoka Mkolani hadi Usagara unapita njia kuu, na askari wa usalama barabarani ana haki ya kufungua boneti.

Mkazi wa Mkolani

Nimewaelewa. Ninaanza na pampu na ile chupa ya oili, kisha natafuta transfa ya pili. Mzee, nitakutumia picha ya transfa yangu ikishashushwa ili uniambie kama ni ya meno.

Mzee wa Transfa

Usiishushe kwanza. Lala chini uitazame ilivyokaa, halafu piga picha kutoka upande wa nyuma, panapotokea propela.