Naomba ushauri: tangazo la kikao cha wazazi limfikie kila mzazi

Wakuu, ni shule ya msingi ya serikali. Kikao ni Jumamosi ijayo, ajenda: chakula cha mchana, mtihani wa Darasa la Nne, siku ya michezo. Kundi la WhatsApp lipo, ila wenye simu za vitochi hawamo, na kwa waliomo tangazo linazikwa na "amina" na video za asubuhi. Barua ndiyo kabisa, huishia ndani ya begi imelowa uji. Tunafikiria SMS. Mwisho herufi 160, nafasi zikihesabiwa; ikizidi hukatwa vipande na kila kipande hulipiwa. Kwa hiyo siku, saa na kilo za mahindi na maharage za kuchangia kwa kila mtoto vitangulie, salamu fupi tu. Je, itumwe siku tatu kabla au jioni ya kuamkia kikao? Na wasio na simu, wapitiwe na balozi wa nyumba kumi?