MJADALA: Gemu la mkononi la kupanga matofali, mtoto apewe au anyimwe?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu kashikilia kwamba gemu ni gemu, liwe la vita au la kuchemsha bongo, mtoto wa shule ya msingi asiliguse. Mimi nimemnunulia binti yangu wa miaka minane lile la kupanga matofali, la betri mbili ndogo, na kosa silioni. Naomba tulijadili kwa hoja.

Wengi mnalijua. Maumbo saba, kila moja lina miraba minne, yanashuka, unayageuza, mstari ukijaa unafutika. Asili yake ni gemu liitwalo Tetris, alilolibuni Alexey Pajitnov mwaka 1984 huko Moscow, kwenye kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Usovieti. Mwaka 1989 ikaingia kwenye Game Boy, kifaa cha gemu cha mkononi cha kampuni ya Nintendo, ikawa mchezo wa mfukoni. Haya ya bei nafuu yameandikwa Brick Game, mengine yanajitangaza kuwa na gemu 9999, ila ukikaa nayo unakuta ni machache tu yanayorudiwa kwa kasi tofauti.

Mwanzoni binti alikuwa anadondosha kipande popote. Siku hizi kidole kinatulia juu ya kitufe, jicho linaenda kwanza kwenye kile kiboksi cha pembeni kinachoonyesha kipande kijacho, ndipo anageuza. Anaacha upenyo ukutani makusudi, anakingoja kile kirefu. Ni mtoto huyuhuyu aliyekuwa hawezi kungoja chai ipoe. Nasema linamjenga akili. Nawasilisha.

Mwalimu wa darasa la tatu
Mleta mada, heshima yako, ila hapo kwenye akili umeenda mbali. Mwaka 2002 watafiti Sims na Mayer waliwapima wachezaji hodari wa Tetris. Waliwazidi wenzao kugeuza kichwani maumbo ya Tetris au yanayokaribiana nayo. Walipopewa maumbo mengine, hawakuwazidi. Aliyejua kupanga matofali amejua kupanga matofali, basi.

Na mimi watoto waliolala na gemu nawajua saa mbili asubuhi, kichwa kiko juu ya dawati. Mfundishe bao. Bao lina hesabu, na lina mtu ameketi mbele yako unayetakiwa umsome uso.

Mama wa mmoja
Mwalimu, bao nalikubali. Ila sisi wengine tunakaa chumba kimoja, narudi saa moja usiku nimechoka, na mtoto hana mwenzake. Asiposhika gemu atashika simu yangu. Nilimwekea gemu la mafumbo la bure humo, kila akimaliza raundi linakuja tangazo. Siku moja nageuka kutoka jikoni namkuta kwenye ukurasa wa kubeti, anauliza, "Mama, hapa naandika nini?" Ana miaka saba! Nilitetemeka. Kwangu mimi la betri ni nafuu kubwa.

Baba wa watatu
Dada hapo umegusa penyewe. China mwaka 2021 waliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, tena usiku saa mbili hadi saa tatu. Lakini amri ile ni ya magemu ya mtandaoni. Hata wao waliokaza namna ile walitenganisha. Sisi tunayatia yote kapu moja.

Mleta mada
Mwalimu, nimekusoma vizuri. Mwaka huohuo wa 2002, De Lisi na Wolford waliwachezesha Tetris watoto wa darasa la tatu, vipindi 11 vya nusu saa, na uwezo wao wa kugeuza maumbo kichwani ukapanda. Ni hilo tu lililopimwa, si hesabu wala kusoma. Kwa hiyo neno "akili" nalirudisha mfukoni.

Ninapobaki ni alipofika dada: kifaa hiki hakina mlango wa nje. Hakuna tangazo, hakuna mgeni wa kumtumia mwanangu ujumbe, hakuna sarafu za kununua. Betri zikiisha, mchezo umeisha. Nyumbani ni nusu saa baada ya kazi za shule, kisha linawekwa juu ya kabati la vyombo. Bao lipo kwa babu yake, likizo hii nampeleka.

Sasa nisaidieni hapa. Mdogo wake ana miaka mitatu, ameanza kulililia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema umri wake asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora. Namnyima, lakini dada yake akicheza yeye anasimama nyuma ya kiti, anahema shingoni mwa mwenzake. Wenye wawili wa umri huo mnafanyaje?